Mashuka Niliyoanika Siku ya Moto

Ofisi ya msitu wameniletea karatasi. Wanasema mdogo wangu anaagwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo mtu wa familia aandike maisha yake kwa ufupi, yasomwe mbele ya wageni kabla ya soda. Nusu ukurasa, wakasema. Nusu ukurasa! Mimi nina donge la miaka arobaini na tatu kooni, halafu mtu ananipimia nusu ukurasa kama ananipimia sukari dukani.

Haya. Nitaandika, wakitaka kukata watakata wenyewe.

Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya zahanati na ya nyumba ya wageni iliyoko njia panda, na ukipita barabara ya kwetu huwezi kunikosa. Kamba zangu tatu zimefuata uzio kutoka kona hadi kona, na siku yoyote yenye jua zimejaa nguo nyeupe. Naishi na mama. Mdogo wangu anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu, karibu kiasi kwamba akicheka kwake, mama anacheka kwetu bila kujua kilichochekesha. Watu wote wanamwita Kiberiti. Wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi yake ya kuchoma msitu. Wapi! Jina hilo nilimpa mimi alipokuwa na miaka mitano, kwa kuwa alikuwa mwembamba mwenye kichwa kikubwa, na nilimpa nikitaka alie. Alicheka. Akapita nyumba zote akiwaambia watu, "Mimi sasa naitwa Kiberiti." Tangu siku hiyo nikajua mtoto huyu atanisumbua.

Lakini kisa chenyewe kilianza mwaka mmoja kabla, mwaka wa moto mkubwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye minne. Msitu ulikuwa haujaguswa miaka na miaka, majani makavu yamerundikana chini mpaka ukikanyaga unazama kifundoni, na moto uliposhika siku ile ya joto kali hakuna aliyeuweza. Ulishuka mlimani ukateketeza nyumba kumi na moja mchana kweupe. Mama alitutoa nje, akamwinua mdogo wangu, akamfunga mgongoni, kisha akanigeukia mimi akasema, "Wewe kimbia." Basi, ndicho nilichosikia. Mwenzangu kabebwa, mimi naambiwa kimbia. Nilikimbia peku mpaka mtoni, nalia, nyuma yangu namsikia mama anavyokohoa. Kifua chake hakikupona tena.

Tangu hapo kila wageni wakija, mama huanza: "Siku ya moto nilimfunga huyu mgongoni..." Na kila akifika kwenye huo mgongo, mimi nainuka. Nina nguo za kuanua. Hata mvua ikiwa inanyesha tangu asubuhi, mimi nina nguo za kuanua. Nani anataka kukaa kitako asikilize mwenziwe alivyobebwa?

Kiberiti alipokua akaingia kikosi cha msitu. Kwanza alifyeka, akalima ukanda mtupu ambao moto ukiufikia unakosa pa kupita. Miaka ikaenda, akapewa kazi ya kuwasha. Kila mwaka kiangazi kinapoanza, majani yakiwa hayajakauka vizuri, kikosi huchoma msitu kwa makusudi, kipande hiki leo, kile wiki ijayo, ili moto mkubwa ukija usikute cha kula. Kabla ya kuchoma, Kiberiti huonja moshi. Ndivyo wanavyoita. Anawasha fungu la majani mahali peupe juu kilimani, wote wanasimama kuuangalia moshi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Ukipanda na kuelekea upande usio na watu, wanachoma. Ukilala chini, wanazima na kurudi nyumbani.

Siku moja nilipeleka nguo za kikosi huko juu, nikamkuta mkubwa wa ofisi kaja na kamera yake na shati limepigwa pasi (si na mimi, kola ilikuwa imekunjamana). Kiberiti akautazama moshi, akamwambia, "Leo hapana, bosi." Mkubwa mzima akafunga kamera, akapanda gari, akaondoka. Loo, roho iliniuma siku ile! Hakuna mtu aliyewahi kupanda gari akaondoka kwa sababu mimi nimesema hapana. Mimi huhesabiwa foronya na mwenye nyumba ya wageni mbele ya macho yangu kama mwizi.

Wivu? Ndiyo, ni wivu. Sina haja ya kuutia bluu na wanga. Mama analala kwangu, anakula kwangu, najua alalie ubavu gani ili apumue, najua dawa yake ya kupuliza mdomoni imebaki kiasi gani kwa kuitikisa tu. Jioni ikifika ananiuliza nini? "Kiberiti amesharudi?" Akija Kiberiti kunywa maji tu, miguu imejaa masizi, anakanyaga sakafu niliyoipiga deki sasa hivi, mama anang'aa uso mzima. Mimi niko pale pale na tambara la deki mkononi.

Sasa msidhani watu wote walimpenda. Moshi ni moshi. Msimu wa kuchoma ukifika, benchi za zahanati hujaa: watoto wachanga wanakoroma kifuani, wazee wameshika ukuta wanatafuta pumzi. Mimi nilikuwa najua kabla ya mganga, maana mashuka ya zahanati huja kwangu mara mbili ya kawaida. Visima vinaingia majivu. Mrina asali wa kwetu mizinga yake ilihamwa na nyuki msimu mmoja wote, na kwenye mkutano wa kijiji alisimama akamnyooshea Kiberiti kidole. "Nyinyi mnatuchoma kidogo kidogo," akasema, "eti tusiungue kwa mara moja!"

Nilipiga makofi. Nilikuwa peke yangu, lakini nilipiga.

Kiberiti akasimama. Nilitegemea ajitetee, nipate raha yangu. Hakujitetea hata kidogo. "Ni kweli moshi unadhuru," akasema. "Ninayeuwasha ni mimi, na mama yangu ana kifua. Tusipochoma, mnakumbuka ule mwaka. Tukichoma, vifua vinaumia. Mimi sina dawa ya hilo, nina namna ya kupunguza tu." Akasema watangaze siku tatu kabla. Vipande viwe vidogo. Mizinga ihamishwe kwanza. Na asubuhi ya kuchoma, gari la zahanati lipite kuwachukua wenye vifua, liwapeleke ng'ambo ya mto, kwenye darasa lililozibwa madirisha kwa nailoni, wakae huko na muuguzi mpaka anga lisafike. Kila nyumba yenye mgonjwa itundike kitambaa kimoja cheupe getini, dereva akikiona asimame. "Hata moshi ukiwahi kufika," akasema, "kitu cheupe ndicho kinachoonekana. Hilo nilifundishwa na mama."

Mkutano mzima ukashangilia, mrina asali naye. Nikamwangalia mama. Alikuwa ananiangalia mimi, anatabasamu. Nikaona ananiringia mwanawe. Nikageuza uso.

Sasa tufike siku yenyewe, miaka mitatu iliyopita. Siku mbili kabla, Kiberiti alikuja.

"Dada, kesho kutwa tunachoma kipande cha juu ya barabara. Usianike."

"Nina mashuka arobaini ya nyumba ya wageni."

"Yasubiri siku moja. Ukijaza kamba, dereva hataona kitambaa cha mama, na huyu dereva ni mgeni, hatujui. Acha uzio mtupu, weka kimoja tu getini."

"Kwani moshi si umesema utaenda upande wa pili? Wewe si ndiye fundi?"

"Utaenda. Lakini upepo si mtoto wangu, dada, siwezi kuusemea."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Mpaka jioni alikuwa anarudia peke yake, "Upepo si mtoto wangu!" Nami namsugua mgongo kwa mafuta, nimenuna.

Siku ilipofika niliamka alfajiri nikafua. Nikaanika mashuka yote arobaini, moja baada ya jingine, kona hadi kona. Na nitasema ukweli, ingawa hakuna aliyeniomba: nilitaka moshi uje. Si mwingi. Nilitaka uache harufu kwenye shuka moja tu, nilichukue nimpelekee mama, nimwambie, "Nusa, huyu ndiye fundi wako." Getini nikafunga taulo jeupe, mtu asije kusema sikutii. Taulo moja, mashuka arobaini. Nilijua ninachofanya.

Saa mbili na nusu nikasikia gari. Nilikuwa nyuma ya shuka la mwisho, vibanio mdomoni. Lilipunguza mwendo. Dereva akachungulia, akaona nguo za dobi zimeanikwa siku ya jua, akaendelea na safari. Ningeweza kupiga kelele. Hatua kumi tu. Lakini nikawaza darasani kutakavyokuwa, kila mtu amemzunguka mama, "Mama yake Kiberiti, karibu, mama yake Kiberiti, kaa hapa," na mimi nimeshika beseni mlangoni. Nikasema moyoni, acha. Leo mama atakaa na mimi.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa ameshavaa viatu, kitambaa kichwani, mkoba wa dawa mapajani.

"Gari limepita?" akauliza.

"Bado," nikasema.

Saa tatu na nusu wakawasha. Moshi ukapanda wima, ukainama kuelekea upande wa pili wa kilima, kule kusiko na watu, kama Kiberiti alivyosema. Nilikasirika kabisa. Nikanusa shuka baada ya shuka, nasikia sabuni tu.

Saa tano upepo ukageuka.

Sikuuona ukija. Niliona mashuka yote yanapepea kwa mara moja kuelekea nyumbani, wakati asubuhi yote yalikuwa yanapepea kuelekea barabarani. Halafu anga likawa la kahawia. Nilianza kuanua, jamani! Mjinga mimi, nilianza kuanua mashuka. Nilikuwa nimeanua matano niliposikia mama anagonga dirisha kwa kiganja, hagongi kwa nguvu.

Nilimkuta ameshika kingo za kiti, mabega yamepanda masikioni, anavuta pumzi haiingii. Nikampulizia dawa. Nikafunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa kanga yenye maji. Moshi ukaingia kupitia dari. Nikampulizia tena. Nikampigia Kiberiti simu, ikaita mpaka ikakata. Nikajaribu kumwinua mama, miguu yake ikaburuta, tukaanguka wote wawili kabla ya kufika mlangoni. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi. Akanishika mkono akasema, pumzi moja neno moja, "Gari... bado?"

Nikachukua dawa, nikampulizia tena.

Mlango ukafunguliwa kwa teke. Kiberiti, masizi mpaka kope. Muuguzi alikuwa amewapigia kikosi kwa redio kwamba kitanda cha mama darasani ni kitupu, naye akashuka kilima kizima mbio. Alimtazama mama, akatoka nje kidogo akatazama mashuka, akanitazama mimi. Heri angenitukana. Akavua barakoa yake nzito akamfunga mama usoni, akachuchumaa, akamvuta mgongoni kwake, akamfunga kwa kanga ile ile yenye maji. Kisha akang'oa shuka moja kambani, akanitupia mabegani, akafunga fundo shingoni kwangu.

"Tangulia mbele. Fuata barabara mpaka darajani, usisimame."

"Na mimi nimsaidie kubeba..."

"Dada, tangulia!"

Mnajua niliwaza nini? Moshi umenijaa puani, mama anakata pumzi, na mimi niliwaza: ni yale yale. Wao wamebebana, mimi naambiwa kimbia. Nilikimbia nikilia kama mtoto wa miaka tisa, shuka linanipigapiga miguuni, nyuma nasikia kikohozi cha watu wawili sasa.

Tulifika darasani. Muuguzi akamweka mama kwenye mashine ya mvuke, na ilipita saa nzima kabla midomo haijarudi rangi yake. Kiberiti alikaa sakafuni anakohoa na kutema vitu vyeusi kwenye kopo. Mimi nilisimama mlangoni na shuka langu shingoni, halikuwa na weupe wowote tena.

Mama alipoweza kusema, alimwambia Kiberiti, "Umefanya vizuri kumfunga dada yako shuka."

"Si ni wewe ulinifundisha," Kiberiti akasema.

"Alikufundisha nini?" nikauliza. Kumbe hata hapo roho ilikuwa inaniuma, wana siri yao mimi simo.

Mama akanishangaa. "Siku ya moto mkubwa," akasema. "Ulikuwa umevaa lile gauni lako jeupe, ulilifua mwenyewe asubuhi ile, hata halijakauka. Moshi ulikuwa mzito, sioni mikono yangu. Nikakuambia, wewe kimbia mbele, nikuone. Nililifuata gauni lako mpaka mtoni, mwanangu. Ungekuwa nyuma yangu, mimi na huyu tungezunguka mle mle tukafa."

Nikakaa chini pale pale mlangoni.

"Mbona hukuniambia?"

"Nimeanza kukuambia miaka yote hii," mama akasema. "Kila nikifika kwenye mgongo, unainuka kwenda kuanua nguo."

Kiberiti alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hicho hakijaisha mpaka leo. Daktari wa hospitali kubwa alimwambia mapafu yake yamechoka kama ya mvutaji wa miaka thelathini, naye hajawahi kushika sigara. Alisema ni moshi wa miaka mingi. Huenda. Lakini nusu saa moja aliyokimbia bila barakoa, na mama mgongoni, hiyo ni yangu. Ndiyo maana anaagwa akiwa na miaka arobaini na saba, na ndiyo maana nimeombwa karatasi hii.

Mama bado anaamini siku ile gari halikupita. Kiberiti anajua, alimuuliza dereva, na hajaniambia neno hata moja kwa miaka mitatu. Basi mkisoma mbele ya wageni, someni na hili: gari lilipita, nililiona, nikanyamaza. Mama atakuwa amekaa mstari wa kwanza. Nimeshindwa kumwambia jikoni, asikie hapo.

Jana wamechoma kipande cha juu ya barabara. Anayewasha sasa ni mwingine, ameonja moshi kwa muda wa vikombe viwili vya chai, mwoga yule, na Kiberiti amemsifu. Mimi sikuanika. Uzio ulikuwa mtupu kona hadi kona, nikafunga foronya moja getini, na gari likasimama bila hata kupiga honi. Wenye vifua kwangu sasa ni wawili. Nikawapandisha nyuma, mama na Kiberiti, mikoba yao ya dawa inafanana. Nilitaka kubanana nao.

"Wewe kaa mbele," mama akasema, "nikuone."

Nikakaa mbele. Nyuma yangu nikawasikia wanakohoa kwa zamu, halafu wanacheka, sijui walikuwa wanacheka nini, na wivu ukanishika vilevile kama siku zote. Lakini sikugeuka. Nilikaa wima mpaka darajani, wanione.